Umbali wa Kupunguza Sala

...na kwa nini asikilize leo, jana hakusikiliza, jana aliona tu, na kuona kulimjia bila kutafuta, Mwanaisha alijiambia, kidole chake kikitembea katikati ya ndengu juu ya ungo, kikigusa jiwe, kikilitoa, kikilidondosha kwenye kopo, na nyuma ya ukuta wa mbao binti yake akasema Allahu akbar kwa sauti ya mtu anayezungumza na kifua chake, alasiri imeanza, ubao wa sakafu ukalia chini ya miguu yake, ule ubao wa karibu na kitanda ambao marehemu Ayub alikuwa akisema ataupigilia msumari Ijumaa, kila Ijumaa, mpaka Ijumaa zake zikaisha, na sasa mjane wake hataki upigiliwe, kwa sababu ndio unaomwambia aliye chumbani anafanya nini, akirukuu unanung'unika, akisujudu unanyamaza, akiinuka unalia kwa kuvuta, mlio mrefu, huwezi kuukosa hata mvua ikipiga mabati... "Mama Hanan, unanisikia?" Alikuwa anamsikia. Mbele yake, kwenye benchi, Theuri wa duka la chakula cha ng'ombe ng'ambo ya barabara, ambaye yeye humwita Baba Lynn kwa jina la bintiye, alikuwa amevua kofia na kuiweka gotini, na Theuri akivua kofia hajaja kwa maneno mawili, "ati miaka hii yote mimi nafikiria huyu msichana ameenda mwisho wa dunia, kumbe ni masaa sita na dakika arobaini, Lynn amenionyesha hapa kwa simu, unaandika Nairobi, unaandika Istanbul, inakupatia kila kitu," na akaigeuza simu ili aone, kana kwamba mtu aliyepanda ndege hiyo mwenyewe mwaka jana anahitaji kuonyeshwa, lakini Mwanaisha akaitazama kwa heshima, akaona tarakimu, akarudi kwenye ndengu. Masaa sita na dakika arobaini. Ni kweli, ndivyo rubani alivyosema pia, kwa Kituruki, halafu kwa Kiingereza, halafu mama mmoja wa Eastleigh aliyeketi kando yake akamrudishia kwa Kiswahili, na yeye akawaza kwamba nyama ya ng'ombe haiivi kwenye sufuria kwa muda huo, la, inaiva, inaiva mapema tu, ni kwato ndizo zinazochukua muda... "Mimi ndama yangu ikipotea hapo Tetu naitafuta masaa mingi kuliko hiyo," Theuri akasema, akacheka peke yake kidogo, "na hiyo ndege haina kona za Karatina, haina lori ya mchanga mbele, ni kwenda tu." Ni kwenda tu, Mwanaisha akasema, kwa kuwa mtu akicheka peke yake nyumbani kwako ni vibaya, na ubao ukanung'unika, Hanan amerukuu, rakaa ya kwanza.

Alijua Theuri alikuja kwa nini. Alikuja kwa sababu ya chumba cha mbele, anataka kumkodishia Lynn, hajakitaja bado, na hatakitaja mpaka amalize ndege, ndege ndiyo mlango wake wa kupitia leo, mwezi uliopita ulikuwa baridi, kabla ya hapo ulikuwa ugonjwa wa midomo na kwato, kila mara anazunguka kwa adabu mpaka anafika dirishani, lile dirisha kubwa la kioo ambalo Ayub aliliweka mwenyewe, akang'oa mbao tatu za ukuta wa baba yake ili mwanga wa barabarani uingie, Hanan akirudi na masomo yake ya vitambaa awe na mahali pa kuvining'iniza watu wavione, alisema Ayub, na akapaka chumba rangi, akaleta meza ndefu ya kukatia, na meza ipo, na rangi ipo, na chumba kimefungwa. Lynn amemaliza kusomea ususi. Hilo Theuri amekwisha kulisema kwa njia nyingi, kwamba Lynn ana mikono, kwamba Lynn anasuka wenzake barazani kwa baba yake katikati ya magunia ya pumba na wateja wanapiga chafya, na Mwanaisha kila mara humjibu jibu lile lile, ngoja Hanan aje nimuulize. Basi Hanan amekuja. Amekuja kwa wiki mbili, wiki moja inakaribia kwisha, na hajamuuliza, na Hanan hajasema, wamekula pamoja, wamecheka, wameenda sokoni, wamezuru kaburi, Hanan ameosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, na jioni moja alipita chumba cha mbele akaweka kiganja juu ya meza ile, akakiondoa, akasema Mama, tutaongea, halafu wakaongea juu ya kitu kingine. Mwanaisha hakumsukuma. Mtu mzima akisema tutaongea, anayengoja si mjinga, anampa nafasi tu... lakini kuna sala. Ubao ukanyamaza, amesujudu. Laiti isingekuwa sala angengoja hata mwaka.

Kwa maana msafiri hupunguza. Hilo kila mtoto aliyekaa kwenye mkeka wa madrasa ya Majengo analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, sala ya rakaa nne ukiwa safarini unaisali mbili, ni zawadi, Mungu anajua njia inachosha, na Ustadh Usman aliwafundisha umbali wake kwa barabara waliyoijua, hakuwapa ngamia wala marhala, zile hatua za safari za vitabuni, alisema ukitoka Nyeri ukafika Murang'a hujasafiri, umetembea, ukifika Thika umesafiri, punguza, na mtoto mmoja akauliza je gari likiharibika Makuyu, Ustadh akakuna ndevu zake, akasema likiharibika Makuyu omba kwanza litengenezwe. Na hayo mengine aliyafundisha pia, kwamba ukifika mji wa watu ukanuia kukaa, kuna hesabu ya siku, sisi husema nne, wengine husema kumi na tano, na Hanan alisema mara moja kwamba huko aliko ni kumi na tano, sawa, kila watu na wanazuoni wao, lakini hesabu hizo zote ni za mgeni, mji wako wewe hauna hesabu, ukifika kwenu hata kwa kupita, hata kwa kubadilisha kanzu na kuondoka, safari imekwisha hapo mlangoni na sala inarudi kuwa nne, kwa sababu mtu hawi msafiri kwao. Ayub akiendesha lori la majani chai hakuwa akisali kwa haraka akikaribia nyumbani, angeweza kusali mbili Sagana akiwa anarudi, bado yuko safarini, lakini alikuwa akiishikilia, anasema nitaisali nyumbani nzima, nimechoka na vipande... Na juzi adhuhuri Mwanaisha alipita na kikombe cha chai, mlango ulikuwa wazi kiasi cha kuingia paka, Hanan alikuwa amekaa kwenye attahiyatu ya rakaa ya pili, na mama mtu akasimama kidogo, si kwa kuchunguza, ila hutaki kupita mbele ya anayesali, akamngojea ainuke kwa rakaa ya tatu, na Hanan hakuinuka, alitoa salamu, kulia, kushoto, akaanza kukunja mkeka. Chai ilipoa kikombeni. Akajiambia labda ni sunna, alikuwa akisali sunna, faradhi alikwisha kuisali, na hilo lilimtosha mpaka jana, na jana adhuhuri akaona tena, na sunna haisaliwi mara ya pili kwa kuwa tu mama yako anaitaka iwe sunna. "...lakini sasa huko mbali, hata saa ni ingine, ama?" Theuri alikuwa anauliza. La, Mwanaisha akamwambia, saa ni ile ile, hapa ikiwa saa kumi na huko ni saa kumi. Theuri akaonekana kama mtu aliyepunjwa. "Aiya, hata saa haibadiliki? Sasa hiyo ni ng'ambo gani?"

Ubao ukalia kwa kuvuta, rakaa ya pili. Huko saa kuwa ile ile ndiko kulikomdanganya Mwanaisha kwa miaka mingi, akifikiria vizuri. Wenzake walio na watoto Amerika huamka alfajiri kupiga simu au hukesha, wanajua kwa mifupa yao kwamba mtoto yuko mahali pengine, lakini yeye akila chakula cha mchana Hanan naye anakula, akisema nimechoka Hanan naye amechoka, giza likiingia Nyeri wakati wa baridi hii yake ya Julai ya ukungu usioondoka hata adhuhuri, Hanan humwambia huku jua bado, Mama, lakini saa ni ile ile, basi akaona ni kama yuko Nanyuki, upande wa pili wa mlima, amekawia tu. Alipoondoka alisema miaka minne. Kisha kukawa na mwaka wa kujifunza kazi, kisha kiwanda kikampa kazi yenyewe, kisha kazi ikampa nyumba ya kupanga juu ya kilima, na watu walipouliza anarudi lini Mwanaisha alikuwa na neno moja linalotosha yote, akimaliza, na hakuna aliyewahi kumuuliza akimaliza nini. Si kosa la mtu. Mwalimu Simiyu, mpangaji wa chumba cha nyuma, amefundisha hapa Nyeri mpaka watoto wake wanaota ndoto kwa Kikuyu, na bado Desemba ikikaribia husema naenda nyumbani, yaani Bungoma, ambako watoto wake hupotea njia ya kwenda kisimani, na yuko sawa, nyumbani kwake ni pale atakapozikwa, na kwa Theuri nyumbani ni pale penye kahawa ya babake, na kwa watu wa Majengo, watu wa damu ya pwani na Unubi na Ugikuyu na kwingine ambako hata hawakumbuki, nyumbani ni wapi... ni pale unaposali nne. Hakuna ukoo wa kukuambia, hakuna shamba, ni nia yako na sala yako. Bibi yake alilijua hilo kabla ya kujua alif.

Bibi yake ndiye aliyempa jina, maana bibi mwenyewe alizaliwa Wakonyo, akasilimu akawa Mwanaisha, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya babu Sulemani, aliyetoka Pangani akibebea wazungu mizigo, akafika hapa wakati mji ni mahema na matope, akakaa. Lakini hakukaa. Alikuwa anangoja. Kila msimu alisema msafara wa kurudi ukipatikana naondoka, na akawa anasali mbili mbili, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, wenzake wakimwambia Sulemani, una mke, una mtoto, una migomba, hii safari gani, naye akijibu kwamba nia yake haijatua. Bibi hakujua dini wakati huo, alijua kuhesabu kwa macho tu, anainama, anainuka, anainama, anakaa, basi. Alikuwa mke wa mtu aliye njiani, alisema, unampikia na sikio liko mlangoni. Mpaka mchana mmoja akamletea uji shambani, akamkuta anasali chini ya mti wa muiri, akangojea akae na ageuze shingo, na yule mwanamume akainuka tena. Bibi alisema aliweka kibuyu cha uji chini, akaanza kuhesabu upya kwa vidole. Babu akala uji umepoa, hakulalamika, na bibi naye hakumuuliza, si siku ile wala siku yoyote, na akiimalizia hadithi hapo alikuwa akikunja midomo kwa kuridhika, maana watu wawili walikuwa wameelewana na hakuna aliyetumia hata neno... "Kwa hivyo mimi nikaona," Theuri akasema, na sauti yake ikashuka, amefika dirishani sasa, "kama ni masaa sita, basi msichana anaweza kaa huko na bado ni kama yuko. Anakuja anakuona, anarudi. Si ni ukweli? Sisemi kwa ubaya, Mama Hanan. Lakini hiyo chumba inaumwa na baridi."

Ubao ukanung'unika, rukuu ya pili. Chumba kuumwa na baridi. Amesema vizuri, na angekuwa mtu mwingine ingemchoma, lakini Theuri alimbeba Ayub kwa mikono yake miwili mpaka kwenye pikapu, akaendesha mpaka hospitali bila kuvaa koti, watu wa namna hiyo unawaachia wakuambie mambo. Lakini jibu lilikuwa nyuma ya ukuta, limeinama, na Mwanaisha aligundua kwamba ameacha kuokota mawe na anasikiliza kwa shingo, kwa ngozi, na akajionea haya kidogo, mwanamke wa umri wake kupeleleza sujudu za mtu. Je, ikiwa leo atainuka? Ikiwa ubao utalia ule mlio mrefu, rakaa ya tatu, basi nini, basi juzi na jana vilikuwa ni usahaulifu, au uchovu wa ndege, au mazoea ya mwili uliozoea mji mwingine, mwili huwa na mazoea yake, yeye mwenyewe si alikuwa... hapo akakumbuka Istanbul, na hakutaka kuikumbuka, lakini ilikwisha kuingia na kukaa. Mwaka jana, alipomaliza eda, Hanan alimtumia tikiti. Ngazi nyingi zisizo na mwisho, paka kwenye kila kizingiti, mama wa ghorofa ya chini aliyepanda na bakuli la supu ya dengu, akaligusa shavu lake na kumwambia maneno ambayo hakuyaelewa na aliyaelewa. Na Mwanaisha akasali kwa Hanan rakaa nne. Adhuhuri nne, alasiri nne, isha nne, siku baada ya siku, alikuwa mgeni wa majuma mawili tu, chini ya ile kumi na tano ya huko aliyokubali kuifuata, na aliijua sheria, aliifundisha wanawake wenzake, na bado kila akimaliza rakaa ya pili mwili ulisimama wenyewe kwenda ya tatu kama mtu anayejua njia ya kwake gizani. Hanan aliona. Aliona kwa siku kadhaa, kisha usiku mmoja akasema akitabasamu, Mama, huku wewe ni msafiri, unapunguza. Naye akamjibu, "Kwa mwanangu si ugenini." Alilisema kwa fahari, alidhani anampa zawadi. Hanan akaenda akaosha vikombe, na Mwanaisha akamtazama mgongo, akawaza amechoka, kazi ya kiwandani inachosha.

Hakuwa amechoka. Sasa tu, na ungo mapajani na Theuri akingoja kwenye benchi, aliuona mgongo ule vizuri, mabega yaliyopanda kidogo, maji yakiachwa yatiririke. Mwanangu alikuwa na la kuniambia. Alikuwa amekwisha kuipanga sentensi, labda kwa siku nyingi, labda alinilipia tikiti kwa sababu yake, aniketishe, anioneshe chumba na dirisha na mama wa supu, halafu aseme, Mama, hapa ndipo kwangu, na mimi nikamtangulia, nikamwambia kwake ni kwangu, nikafunga mlango na ufunguo nikaumeza. Angesema nini baada ya hapo? Kwa hiyo aliosha vikombe. Na ameendelea kuosha, anaosha hata vilivyo safi... Ubao ulinyamaza. Sijda ya kwanza. Tulia, Mwanaisha akauambia moyo wake, usifanye haraka, na moyo haukuwa hata na haraka, jambo hilo lilimshangaza, alikuwa ametazamia uchungu na uchungu ulikuwepo, lakini umekaa mbali kidogo, kama jirani anayengoja umalize na wageni wako. Kwa maana fikiria. Mtoto huyu anajua mama yake ana masikio. Anajua ubao. Alikulia juu ya ubao huo, alikuwa akiuruka usiku akitoroka kwenda kutazama televisheni kwa akina Lynn. Kama angetaka kumfurahisha mama yake ni rahisi, angesimama tu rakaa ya tatu, angeongeza mbili, hakuna mtu angejua, mlango umefungwa, mama anafurahi, wiki mbili zinapita, ndege, masaa sita na dakika arobaini, kwaheri. Angemdanganya mama yake kwa Mungu. Wapo wanaofanya hivyo na wala si watu wabaya, ni watu wanaopenda. Na Hanan, ambaye kwa mdomo anasema tutaongea, ambaye hawezi kuitoa sentensi ile mezani mbele ya ugali, mahali pekee aliposhindwa kusema uongo ni hapo kwenye mkeka. Basi na isiwe rakaa ya tatu. Mwanaisha alishtuka kulisikia likipita ndani yake, lakini lilikuwa limepita, na alilitazama likienda, na hakulirudisha. Isiwe. Akisimama sasa atakuwa amesimama kwa ajili yangu.

"Uko sawa, Mama Hanan?" Theuri aliuliza. "Ama nimesema vibaya." Hapana, hujasema vibaya, alimwambia, lete hiyo simu, Baba Lynn, na Theuri akaileta akiwa ameinuka nusu, kofia ikaanguka, akaiacha. Mwanaisha akavaa miwani. Mstari mwembamba ulitoka Nairobi ukapanda, ukapita Sudani, ukapita Misri, ukavuka maji, ukaishia kwenye nukta. Alikumbuka ndege ndogo nyeupe kwenye skrini mbele ya kiti chake, jinsi ilivyokuwa ikitambaa bila haraka na yeye akiihurumia. Akamuuliza Theuri, Makka iko wapi hapo. Theuri, mzee wa kanisa, akasogeza ramani kwa kidole kinene chenye vumbi la pumba, akaisogeza zaidi ya ilivyotakiwa, akairudisha, akasema, "Hii hapa. Kumbe iko tu hapa kando ya njia." Kando ya njia. Mwanaisha akaweka kidole chake mwenyewe juu ya Nyeri, pale ambapo simu haikuandika Nyeri, akakitembeza moja kwa moja juu mpaka Makka. Ndivyo wanavyosali hapa, kaskazini, mlima ukiwa begani kulia. Kisha akakiweka juu ya Istanbul, akakishusha mpaka Makka, na kidole kikaja chini, kikaja upande wake. Akarudia. Kule chumbani kwa Hanan mkeka ulielekea dirisha la kusini, alisujudu hapo majuma mawili na hakuwahi kujiuliza kusini kuna nini, alijua tu ndiko ndege ilikotokea. Kusini kuna Kaaba, na nyuma ya Kaaba, si sawasawa kabisa, pembeni kidogo, kuna Afrika yote hii mpaka kwenye mbao hizi. Basi kila Hanan anaposali kwake anaelekea huku. Na mimi nikisali kwangu naelekea kule. Miaka yote hii. Ni wakiwa chini ya paa moja tu, kama wiki hii, ndipo wanaposali wakielekea upande mmoja, mmoja nyuma ya ukuta wa mwenzake, kila mtu akimwona mwenzake kwa masikio... Alimrudishia Theuri simu. Ubao ulikuwa umenung'unika kidogo, Hanan ametoka kwenye sijda ya mwisho ya rakaa ya pili, amekaa, attahiyatu imeanza, na hapa ndipo njia zinapogawanyika, kikao ni kile kile kwa anayesali mbili na anayesali nne, huwezi kujua mpaka mwisho wake, atainuka au atageuza shingo, na kikao hicho ni kirefu kiasi cha mtu kusema jambo moja, kama hatatafuta maneno mazuri.

"Nimwambie Lynn nini?" Theuri akauliza, polepole, kwa mara ya kwanza bila kuzunguka.

Mwanaisha akavua miwani. "Mwambie aje kesho apime hicho chumba," alisema, "Hanan yuko kwake huko. Hapa atakuwa akija kututembelea, na akija nitampa kitanda changu," na alilisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ile aliyoihitaji Theuri, ambaye alikuwa karibu sana na si kiziwi, kwa hivyo Theuri akamtazama, akautazama ukuta, akainama kutafuta kofia yake chini ya benchi na akachukua muda kuipata. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabango ya maduka. Nyuma ya mbao hakuna kilicholia bado. Binti alikuwa amekaa pale pale, katika kile kikao, kidole cha shahada kimenyooka, akiwatolea salamu waja wema wote, walio karibu na walio mbali, kama ilivyoamriwa, kabla mtu hajainuka au kugeuka.